Kadi ya Kumi

2 Agosti 1987

Kwako Chiriku, mtoto wa kaka yangu,

Nakusalimu, na baba yako anakusalimu kutoka chumba cha mbele. Ameuma pini mdomoni, kwa hiyo salamu yake imetokea puani. Sisi wazima. Paa la jikoni linavuja palepale, na jirani wa mkono wa kushoto amenunua redio ambayo sote tunaisikiliza tutake tusitake. Cherehani ya baba yako inalia tangu asubuhi kwa sababu wazazi wa mtaa huu hukumbuka sare za watoto wiki ya mwisho. Ndivyo tunavyoishi.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Unasema chuo cha ukunga kimekukubalia kurudia mtihani wa Kiingereza mara ya tatu, na mwakani utakuwa umepita umri. Basi hii ndiyo ya mwisho. Ukianguka tena, utaendelea kufua mashuka ya hospitali huko dobini mpaka uote mvi. Sikutishi, mwanangu. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, na nimeona werevu kuliko wewe wakianguka kwa sababu moja tu: wanayo maneno ya kuombea chumvi na kuulizia njia, na mtihani unauliza yale mengine.

Humu ndani kuna kadi kumi, kila moja ina neno moja. Nyuma kuko tupu. Huko utaandika sentensi yako ya Kiingereza, na kwenye barua utanieleza maana yake kwa Kiswahili, maana wapo watu wanaoandika Kiingereza wasichokielewa wenyewe. Sentensi iwe ya kweli. Sitaki mfalme, sitaki meli, sitaki Bwana Fulani aliyekwenda sokoni. Liwe jambo lililokupata au uliloliona kwa macho. Neno gumu ni mgeni, halikai nyumba isiyo na chakula, na chakula chake ni ukweli. Kadi ikipata sentensi ya kweli, inarudi kwangu. Isipopata, kaa nayo hata mwaka. Mimi nami nitakuandikia sentensi zangu mbili tatu kila mara, usije ukasema nakutuma shambani nami nimelala.

La mwisho. Karatasi ya kwanza ni tarehe 12 Novemba, ya mwisho tarehe 20. Zikibaki wiki mbili kabla ya karatasi ya kwanza, usifungue bahasha yangu yoyote mpaka umalize karatasi ya mwisho, hata nikileta kumi. Nimewaona wanafunzi wakimeza maneno mapya mpaka mlangoni, wakiingia ndani wanatapika ya zamani. Ziweke chini ya godoro. Sheria hii sina mzaha nayo.

Shangazi yako

*

21 Agosti 1987

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya baba umpelekee ukimkuta hana pini. Mimi mzima wa afya. Tunaishi wawili chumbani, mimi na mwenzangu anayefanya kazi jikoni, tunayemwita Mrefu, ambaye akilala miguu yake inapita mwisho wa kitanda na kuning'inia upande wangu. Nimezoea kuamka nikiangaliana na nyayo.

Kadi zako nimezibandika ukutani karibu na mashine ya pasi, ile kubwa inayokunja mashuka. Mvuke uliyeyusha wino siku ya kwanza, sasa naandika kwa penseli. Msimamizi ameuliza kama ni uchawi. Nimemwambia ni Kiingereza, akasogea mbali vilevile.

Nakurudishia nane. Sentensi nyingine ni hizi. Kwa *reluctant*, mtu asiyetaka kufanya jambo lakini analifanya: "Kila Jumatatu naingia dobini shingo upande." Kwa *conceal*, kuficha: "Mara ya pili nilipoanguka mtihani, nilimficha baba matokeo wiki tatu, na yeye alikuwa anajua tangu siku ya kwanza." Hii ni kweli, Shangazi. Alinishonea gauni na hakusema neno. Mpaka leo sijui nani alimwambia.

Mbili zilizobaki bado sina ukweli wake. Nazitafuta.

Chiriku wenu

*

9 Septemba 1987

Kwako Chiriku,

Salamu za hapa ni njema. Paa limezibwa, sasa linavuja pengine. Jirani redio imemharibikia na sote tumeshukuru kimoyomoyo, kisha tukaenda kumpa pole.

Nani alimwambia baba yako? Mimi. Usinune.

Sentensi zako nzuri, ila ile ya tatu ina kitenzi kilichovaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Nimesahihisha kwa wino mwekundu, ulie kidogo halafu uendelee. Kadi nyingine kumi hizi hapa. Zangu mimi: kwa *frugal*, mtu asiyefuja kitu: "Kaka yangu hanunui suruali mpya, mwaka huu amezipunguza kiuno zile za zamani mara mbili." Kwa *persist*, kushikilia jambo bila kuacha: "Anakaa kwenye cherehani hata pale ambapo hakuna nguo ya kushona."

Soma kwa sauti. Mdomo nao unafanya mtihani.

Shangazi yako

*

30 Septemba 1987

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba hajambo? Mwambie akiendelea kupunguza suruali atabaki na mifuko mitupu. Mrefu anakusalimu, anasema na yeye apewe kadi, mradi zisiwe za maneno marefu kama yeye.

Narudisha tisa. Mwandiko usikushangaze, dawati letu hapa ni kreti ya sabuni. Kwa *endure*, kuvumilia: "Dobini hakuna dirisha." Kwa *scald*, kuunguza kwa mvuke au maji ya moto: "Mvuke hauonekani mpaka umekushika."

Sina jipya lingine. Naandika kifupi kwa sababu ya kazi.

Chiriku

*

14 Oktoba 1987

Kwako Chiriku,

Hatujambo. Hali ya hewa ni nzuri.

Sentensi zako nimezisoma, hazina kosa kubwa. Mwandiko wako si wa kreti ya sabuni. Nimesoma miandiko ya watoto maelfu kwa maelfu, naujua mkono wa kushoto nikiuona. Umefanya nini mkono wa kulia?

Hizi ni kadi kumi za mwisho kabla ya mtihani. Ni ngumu, nimezichagua moja moja. Sentensi zangu: kwa *benevolent*, mwema: "Mfalme alikuwa mwema kwa watu wake." Kwa *vast*, kubwa mno: "Bahari ni kubwa mno."

Baba yako anakusalimu.

Shangazi yako

*

20 Oktoba 1987

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena.

Mfalme ametokea wapi? Sisi nyumbani tuna cherehani, paa bovu na jirani. Miezi mitatu umenifundisha kumkimbia huyo mfalme, leo umemleta mwenyewe, tena na bahari nyuma yake. Na salamu zako ni za hali ya hewa. Hukusema paa, hukusema redio, hukusema baba anashona nini. Kila ulipoandika barua nilikuwa nasikia cherehani. Hii haina sauti.

Najua utaniuliza mkono. Basi tufanye hivi: wewe usiniulize mkono, nami sitakuuliza cherehani. Tukutane baada ya tarehe 20 tuambiane yote. Ukiona haifai, niandikie. Mimi huku nafuata sheria zako zote, hata ile nisiyoipenda. Mara hii nitafaulu, Shangazi. Nikianguka tena sijui nitamtazamaje baba.

Kadi zile kumi ngumu nitazirudisha nikimaliza.

Chiriku

*

31 Oktoba 1987

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu na sina kadi. Soma hii umekaa.

Baba yako anaumwa. Ana uvimbe kwenye ini, umeanza zamani, na alikuwa anauficha kwa sindano na uzi: suruali alizipunguza kiuno ili nguo isimuumbue. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilijua mwanzo wa Septemba. Daktari juzi ametuambia tuhesabu wiki, tena chache, labda mbili, labda tatu. Cherehani tumeifunika shuka. Kitanda chake tumekileta chumba cha mbele kwa sababu anataka kuiona.

Ameniapisha nisikuambie mpaka umalize mtihani. Aliniapisha akiwa amenishika kifundo cha mkono, na nguvu zote alizobakiwa nazo zilikuwa hapo. Nikakubali. Nikakuandikia habari za mfalme. Barua yako imekuja ukasema yangu haina sauti, nami nimekaa nayo siku sita sili vizuri.

Sasa nikueleze jambo ambalo uliniuliza ukiwa mdogo, nikakupa peremende badala ya jibu. Uliuliza kwa nini mimi na baba yako tulikaa miaka kumi na miwili hatusemezani. Mwaka niliofanya mtihani wa ualimu, mama yetu alifariki siku ya pili ya karatasi. Kaka yangu alimzika, akakaa kimya, akaniandikia nilipomaliza. Alifanya kwa mapenzi, najua. Nilirudi nimefaulu, nikakuta kaburi limeshaota majani. Nilimwambia maneno ambayo hata kwenye kadi siyaandiki. Ulizaliwa sikuja. Ukaanza kutembea sikuja. Mama yako alipotutoka ndipo nilipopiga hodi, na kaka yangu akafungua mlango akasema tu, "Ingia, chai ipo."

Siwezi kukufanyia wewe alichonifanyia mimi. Kiapo nimekivunja. Barua hii itakufikia tarehe 4 au 5, na kutoka huko ni safari ya siku moja. Mtihani ni wako na maisha ni yako, sitakuamulia. Kama utakuja, njoo. Kama utabaki, niandikie neno moja nimsomee. Lolote utakalochagua, uwe umelichagua ukijua.

Shangazi yako

*

16 Novemba 1987

Kwa mtoto wa kaka yangu,

Baba yako amefariki tarehe 9, saa nne asubuhi. Tumemzika tarehe 10.

Nilikuwa nachungulia dirishani kila gari likipita. Tarehe 6 sikuona mtu, nikasema barua imechelewa. Tarehe 7 nikasema yuko njiani. Tarehe 8 aliniuliza, "Umemwambia?" Nikamwambia ndiyo, nimemwandikia. Akasema, "Basi amechagua vizuri." Akageukia ukuta. Hakuniuliza tena.

Jirani alitaka tukupigie simu ofisini kwenu siku ile ile ya msiba. Nikamwambia usijisumbue, anajua. Watu waliokuja wote waliuliza mwanawe yuko wapi, na wote niliwajibu hivyo hivyo: anajua, ana mtihani. Wengine walitikisa kichwa. Sikukutetea.

Nilisema maisha ni yako na sirudi nyuma kwa maneno yangu. Lakini neno moja, Chiriku. Neno moja nimsomee, hata la Kiingereza. Wewe unayeitwa Chiriku kwa kusema mno.

Sina zaidi.

Shangazi

*

21 Novemba 1987

Shangazi,

Jana saa saba mchana nilimaliza karatasi ya mwisho. Nilitoka, nikapita chumbani, nikanyanyua godoro. Bahasha zako zilikuwa mbili. Nilikuwa nimezipanga kwa tarehe, nikafurahi kwamba ni mbili, nikadhani ni kadi. Nilinunua karanga njiani kuja kwenye benchi la nje ya dobi ili nizifungue nikila.

Nilifungua ya kwanza. Nilipofika pale penye cherehani imefunikwa shuka nilisimama nikaanza kukimbia kwenda kuomba ruhusa, nikiwa na ya pili mkononi haijafunguliwa. Nilihesabu: kama ni wiki tatu, bado nawahi. Msimamizi alikuwa anaandika, akaniambia ngoja. Nikafungua ya pili pale mlangoni wakati nangoja.

Nimeambatanisha barua yako ya tarehe 2 Agosti. Nimepigia mstari sehemu inayohusika. Sikuandikii zaidi kuhusu hilo, soma mwandiko wako.

Barua ya kwanza ilifika tarehe 4. Nililala juu yake siku kumi na sita, Shangazi. Usiku wa tarehe 8, baba alipogeukia ukuta, mimi nilikuwa nakariri na Mrefu ananiuliza maneno. Nilikuwa nacheka, kwa sababu Mrefu hawezi kuyatamka.

Mkono wangu uliungua kwenye mashine ya pasi mwezi wa tisa, vidole viwili. Umepona. Nilikuficha ili usimwambie baba akakosa usingizi. Nilisema tusiulizane. Hilo ni langu na nalibeba mwenyewe.

Lakini simu ipo ofisini, na namba unayo. Jirani aliinua mkono kupiga na wewe ukamshusha. Kwa nini hukupiga? Ulifundisha watu miaka thelathini na mmoja wasijibu swali kabla ya kulisoma. Mimi hukunisoma.

Siji sasa. Sina wa kumkuta.

Mtoto wa kaka yako

*

5 Desemba 1987

Mwanangu Chiriku,

Barua yangu ya Agosti nimeisoma. "Sheria hii sina mzaha nayo." Niliiandika, nikatia mate kwenye bahasha, nikaisahau. Mwanafunzi wangu mmoja angesahau hivyo ningemsimamisha kona.

Unauliza kwa nini sikupiga simu. Nimekaa na swali lako wiki nzima na nitakujibu kwa ukweli, maana ndiyo sheria yangu nyingine. Kwanza nilitaka uje kwa barua, kama mimi ambavyo ningekuja miaka ile kama ningeandikiwa. Nilitaka nione kwa macho yangu kwamba mtu akiambiwa, huja. Ulipokuwa hufiki, nilikasirika, na hasira ilikuwa tamu kidogo, ndiyo inayonitia aibu. Nilisema moyoni: kumbe hata wanaojua hawaji. Tangu tarehe 8 nilikulaani, na usiku ule wa mwisho nilimuosha baba yako huku nakulaani wewe. Maji yakimwagika hayazoleki. Najua.

Nimefanya jambo moja. Watu niliowaambia "anajua" walikuwa kumi na saba. Niliwaandika majina kwenye karatasi nikaanza kuwapitia, mlango kwa mlango, na miguu yangu unaijua. Kila mmoja nilimwambia: "Mtoto hakujua. Mimi ndiye nilimkataza kufungua barua, nikasahau." Mke wa muuza mkaa alisema, "Mwalimu, na wewe unakosea?" Nikamwambia ndiyo. Jirani wa redio alinipa kiti. Jana nimemaliza. Wote kumi na saba.

Aliyetakiwa kuwa wa kwanza ndiye siwezi kumfikia. Nilikwenda nikasimama kaburini kwake, nikasema kwa sauti, nikajiona mjinga, nikarudi.

Cherehani ni yako. Nimeitia mafuta ili isishike kutu. Chini ya mguu wake nimekuta suruali moja ya baba yako, kiuno kimetiwa mshono mara ya tatu, haujakamilika, sindano bado imo. Sijaitoa.

Sikuombi kitu. Nataka tu ujue kwamba mlango hauna kufuli.

Shangazi yako

*

8 Februari 1988

Shangazi,

Shikamoo. Mrefu anakusalimu, amehamishiwa wodi ya watoto na vitanda vya huko vinamfika magotini.

Matokeo yametoka Ijumaa. Nimefaulu. Karatasi ya msamiati nimepata alama ya juu kuliko wote wa kituo chetu, msimamizi ameibandika kwenye mlango wa dobi. Naanza chuo mwezi ujao. Niliposoma jina langu niligeuka nimwambie mtu, nikakumbuka kwamba barua zangu zote za nyumbani zilikuwa zinakuja kwako na wewe ndiye uliyekuwa unamsomea. Ndiyo maana nakuandikia. Nimekuwa nikianza barua hii na kuichana tangu mwaka mpya.

Asante kwa wale kumi na saba. Najua ngazi ya muuza mkaa ina vidato vingapi.

Suruali usiitoe sindano. Nitaimalizia mimi.

Zile kadi kumi za mwisho nilikuahidi nitazirudisha. Nimeziandika tarehe tofauti tofauti, utaona penseli imebadilika. Kwa *lucid*, kitu kilicho wazi: "Barua ya shangazi ya tarehe 31 Oktoba ilieleweka vizuri sana, ilipofunguliwa." Kwa *irrevocable*, kisichoweza kurudishwa: "Baba alisema nimechagua vizuri." Kwa *benevolent* sikumtumia mfalme. Nimeandika: "Baba alijua nimeanguka mtihani, akanishonea gauni."

Ukihesabu kadi zilizomo humu utaona ni tisa. Ya kumi ni *absolve*, kumwondolea mtu hatia. Nimeijaribu kwa penseli mara tatu, na mara tatu nimeifuta, kwa sababu nilipoisoma kwa sauti haikuwa kweli. Kadi imechakaa upande ule kwa kufutwa. Sheria ni yako: neno lisilopata sentensi ya kweli halirudi, mtu anakaa nalo hata mwaka.

Likizo ya kwanza ni mwezi wa sita. Nitakuja na kadi hiyo mfukoni.

Chiriku